Kicheko cha zamani na haki ya mchekeshaji

Vichekesho vya miaka iliyopita vimerejea majumbani mwetu. Wazazi huvitafuta katika simu, na watoto huketi nao wakacheka pamoja. Miongoni mwa wanaotazamwa ni marehemu Mzee Small, aliyefariki mwaka 2014, na marehemu Amri Athumani wa Tanga, maarufu kwa jina la King Majuto, aliyefariki tarehe 8 Agosti 2018. Allah awarehemu.

Kicheko chenye staha hatukikatai. Mtume (s.a.w.) alitaniana na masahaba zake, wala hakusema ila kweli. Na katika michezo ya King Majuto, mara nyingi mzee mjanja hunaswa na mtego alioutega mwenyewe; mtoto hucheka, naye akapata funzo.

Lakini kicheko hicho kina deni. Mzee huyo alipougua hata akapelekwa India kwa matibabu, watu walihoji: kazi za miaka yote hiyo zilimnufaisha nani? Mtume (s.a.w.) ametuagiza tumlipe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na Suratul Baqara, aya ya 282, imetuamrisha kuandikiana tunapokopeshana.

Basi anayenunua kazi ya msanii na aandike mkataba wa haki. Nasi watazamaji tuache kununua na kusambaza nakala za wizi. Msanii akishafariki, haki yake haizikwi naye. Ni mali ya warithi wake.