Pengwini Elfu Makumi Tatu na Munane

Sisi watu wa madini tunaona mawe yanapakizwa. Safari yake baharini hatuioni. Tarehe 23 mwezi wa 6 mwaka 2000, masua Treasure, yenye kubeba mawe ya chuma, ilizama karibu na Cape Town, Afrika ya Kusini. Mafuta mazito ya mashini yake yakamwangika kati ya visiwa Robben na Dassen, kwenye pengwini wanataga.

Pengwini haruki, anaogelea tu. Manyoya yakishika mafuta, maji ya baridi inafika ngozini. Akijisafisha na mdomo, anameza sumu.

Karibu 19,000 walichafuka. Maelfu ya watu wa kujitolea wakawaosha na sabuni, mmoja-mmoja (na anauma kweli!). Zaidi ya 90 kwa mia walirudi baharini.

Lakini wengine 19,500 walikuwa wangali safi. Sasa kufanya namna gani? Wakawapakiza ndani ya makamiyo mpaka Port Elizabeth, karibu kilometa 800, wakawaachilia huko. Pengwini wakaanza kurudi kwao kwa kuogelea, na huku watu wanakimbilia kutosha mafuta mbele wafike. Mmoja, Peter, alifungiwa chombo cha kumfuata. Watu wakaangalia safari yake siku kwa siku. Wakati walifika, maji ilikuwa imesafishwa.