Usinyunyize Kapsuli Kwenye Fizi

"Daktari, ule unga ninyunyize mara ngapi kwa siku?" Wanaouliza ni watu wa Kahama, Katoro na Nyarugusu, na wote wana uhakika kwamba kapsuli ya antibiotiki doksisaiklini iliyofunguliwa na kumwagwa kwenye fizi inayotoka damu inaponya. Jibu ni sifuri.

Mtu husema: mbona inachoma, si ndiyo inafanya kazi? Inachoma kwa sababu unga huo ni tindikali; kapsuli ikikwama kooni huweza kuacha kidonda. Fizini unaunguza ngozi ya juu tu. Vijidudu vimejificha chini, kwenye ugaga ulioganda kwenye mzizi wa jino, na mate huuosha unga kabla haujavifikia. Uvimbe wa fizi huja na kuondoka wenyewe. Ukiondoka, sifa anapewa muuza dawa.

Uvumi huu una chembe ya ukweli, ndiyo maana haufi. Vijidudu huanzisha ugomvi, lakini nyuzi zinazoshika jino hukatwa na vimeng'enya vya mwili wenyewe. Mwaka 1983 Lorne Golub na wenzake, Marekani, walionyesha kuwa dawa za jamii ya tetrasaiklini, doksisaiklini ikiwamo, huvizuia vimeng'enya hivyo, mbali na kuua vijidudu. Ndipo kikaja kidonge cha doksisaiklini cha miligramu 20, kilichoidhinishwa huko 1998: kinamezwa mara mbili kwa siku, kwa miezi, sambamba na kusafishwa mizizi. Hakinyunyizwi. Hata hivyo mwongozo wa Ulaya wa 2020 wa kutibu fizi haukipendekezi. Kapsuli ya dukani kwa kawaida ni miligramu 100. Kuigawa kwa macho ili upate 20 ni kuvizoeza vijidudu dawa.

Kwa wachenjuaji dhahabu wa mwaloni nina swali langu: unachoma dhahabu kwa zebaki? Fizi zilizovimba, mate yanayojaa, ladha ya chuma na mikono kutetemeka huweza kuwa sumu ya zebaki, na hapo unga unakuchelewesha tu. Mwambie daktari kazi yako, hata asipouliza.

Mengine haraka: ondoa ugaga hospitalini, mswaki kila usiku, pima sukari, acha sigara. Dhahabu ichomwe kwenye retoti (chombo kilichofunikwa kinachonasa mvuke wa zebaki), nje, mbali na watoto. Mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 8 wasipewe doksisaiklini kwa ajili ya fizi. Jino likianza kucheza, njoo wiki hiyo hiyo.