Chumba Chenye Komeo kwa Nje

Watu wa Kilimanjaro wayajua mambo haya, ingawa husemwa kwa sauti ya chini. Kijana amerukwa na akili. Usiku ametoka mbio migombani, panga mkononi. Wazee huketi, na mwisho huletwa kamba. Akiteremshwa Moshi hadi KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, au akipelekwa Mirembe ya Dodoma, jamaa hushukuru kuona kamba imefunguliwa. Je, katika hospitali yoyote ile, akifungiwa chumbani peke yake, amefunguliwa kweli?

Mwaka 1839, huko Hanwell karibu na London, tabibu John Conolly aliwaondolea wagonjwa wake vifungo vyote vya mwili. Alisifiwa, nasi twamsifu. Lakini mahali pa vifungo aliweka chumba.

Chumba hakiponyi. Chaweza kuzuia mtu asidhuru wenzake kwa muda mfupi, hata ghadhabu ipungue au dawa ishike. Na hapo ndipo penye hatari: aliyechomwa sindano ya kumtuliza aweza kupaliwa akiwa usingizini, na aliyemfungia yuko upande wa pili wa wodi. Kwa hiyo mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2015 wataka mgonjwa wa namna hiyo awe na mtu wa kumwangalia muda wote, taarifa iandikwe kila robo saa, wauguzi wawili wamkague kila saa mbili, daktari kila saa nne.

Hesabu hiyo yahitaji watu. Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku, wodi imejaa, ataitimizaje? Hufunga mlango kwa kuwa hana mwenzake. Si haki kumlaumu mfanyakazi huyo, na aliyepanga zamu amelala kwake. Wala si haki kuandika "ametulizwa" pale ambapo neno la kweli ni "tulikuwa wachache".

Nchi yetu iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na wenye maradhi ya akili ya muda mrefu wamo. Basi mzee aliyeshuka na basi la alfajiri kutoka Marangu asisimame kando kwa haya. Na aulize: mwanangu amefungiwa tangu saa ngapi? Kwa amri ya nani? Nani anamwangalia? Amekunywa maji? Muuguzi mwema hataudhika, atalifungua daftari.