Ahadi kwa Msema Uwongo

Sisi tufundishao watoto chuoni hapa Maretadu huwaambia kuwa ahadi ni deni. Je, mwandishi wa gazeti aliyeahidi kuficha siri ya mtoa habari, kisha ikabainika kuwa amedanganywa, angali anadaiwa?

Mwaka 2017, mwanamke mmoja alilipelekea gazeti la Washington Post, huko Marekani, kisa cha kumzulia Roy Moore, mgombea wa useneta. Waandishi walipeleleza kwanza, jambo ambalo Suratul Hujurat yatuamrisha sisi. Wakamwona akiingia ofisini mwa Project Veritas, kundi lililokuwa likiwategea waandishi mitego. Gazeti likatangaza yote. Mhariri Martin Baron alieleza kuwa ahadi ya siri hulindwa ikifungwa kwa nia njema.

Twamuunga mkono. Lakini aliyekosea kwa hofu au kwa kusahau, habari yake na itupwe. Jina lake lingali amana.