Ziwa Kivu: Kwa nini maji ya juu hayachanganyiki na ya chini

Sehemu ya umeme unaotumika mjini Kigali hutokana na gesi iliyohifadhiwa chini ya Ziwa Kivu, mpakani mwa Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Gesi hiyo imedumu humo kwa karne nyingi kwa kuwa maji ya vilindini hayapandi juu.

Kina cha Kivu hufikia mita 485. Chini kabisa huingia chemchemi zenye joto zitokazo katika miamba ya volkano. Kwa kawaida maji ya moto hupanda, lakini haya yamelemewa na chumvi na kaboni dioksidi, hivyo husalia chini ingawa yana joto kuliko yale ya juu. Jambo hili si geni duniani: katika Bahari ya Aktiki pia, maji ya vuguvugu yenye chumvi nyingi hulala chini ya maji baridi. Ila Kivu limebeba takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani.

Hali ni ya pekee zaidi katika Ghuba ya Kabuno, upande wa Kongo, kaskazini-magharibi mwa ziwa. Kizingiti chenye kina cha mita 10 hivi huitenga na ziwa kuu. Humo, maji yasiyo na oksijeni huanza mita 10 hadi 12 tu kutoka juu. Katika ziwa kuu huanza karibu mita 60.

Wakazi wa Goma wanaifahamu hewa hiyo nzito inapotoka ardhini na kutuama mabondeni. Huiita mazuku, nayo huua. Mwaka 1986, Ziwa Nyos nchini Kamerun lilifoka gesi ya aina hiyo usiku mmoja, na watu zaidi ya 1,700 wakafa. Kivu ni kubwa mno kuliko Nyos. Lava ya Nyiragongo ilipoingia ziwani mwaka 2002, matabaka ya maji hayakuvunjika. Hata hivyo, mlipuko wa Mei 2021 ulipofuatwa na dalili za magma chini ya Goma na ziwa, sehemu ya mji huo ilihamishwa, na maelfu wakakimbilia Rwanda.

Kwa sababu hiyo mtambo wa KivuWatt wa Karongi, wenye megawati 26, hauvuti gesi kiholela. Maji huvutwa kutoka mita 350 hivi, methani hutenganishwa, kisha maji yaliyobaki hurudishwa vilindini, yasije yakavuruga tabaka la juu wanamovua wavuvi wa sambaza.