Tapeti Inayolia na Ile Iliyonyamaza

Asubuhi za Julai Nakuru zina baridi ya kuuma. Mji uko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na gari lililolala nje chini ya Menengai huamka kwa shida. Probox yangu iliamka ikitatarika: ta-ta-ta-ta, mlio mkavu wa haraka, kama cherehani iliyofunikwa blanketi. Jirani akasema papo hapo, "Tapeti hizo," yaani vile vikombe vinavyosukuma valvu. Gereji ya kwanza niliyoifikia ikaenda mbali zaidi: injini ishushwe, ifanyiwe ovaholi. Boneti ilikuwa wazi kwa dakika mbili tu.

Hilo linaniuma. Ovaholi humeza karo ya muhula mzima, na mlio huu una wazazi wengi.

Nikampelekea gari fundi mmoja mzee wa Industrial Area, aliyejifunza kazi kwenye Peugeot 504, zile zilizobeba abiria katika barabara zetu na kushinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Kwanza aliwaomba vijana wake waweke nyundo chini. Kisha akavuta kijiti cha oili. Oili ilikuwa imepungua, nyeusi tititi. "Mzee, hii ndiyo ya kwanza kutazamwa," akaniambia. Kamshafti, mhimili unaofungua valvu, hukaa juu kabisa ya injini, na baada ya usiku wa baridi oili huchelewa kuifikia. Ikiwa kidogo au imechakaa, chuma hugonga chuma. Jina la Nakuru lenyewe linasemekana kutokana na neno la Kimaasai la mahali penye vumbi, na kichujio cha hewa kilichochoka huliingiza vumbi hilo hadi ndani ya oili, likawa kama msasa.

Alibadilisha oili. Mlio ukapungua, haukuisha.

Ndipo akachukua bisibisi ndefu, mpini sikioni, ncha juu ya kava ya tapeti, akahama polepole kutoka silinda hadi silinda. Akagusa injekta, nazo zina mdundo wao mwepesi usio na ubaya wowote. Alikuwa akihesabu. Kamshafti huzunguka mara moja kila krankishafti inapozunguka mara mbili, kwa hiyo injini ikitulia kwenye mizunguko 750 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara sita na kidogo kwa sekunde. Beringi ya chini iliyokufa hugonga mara mbili ya hiyo, na sauti yake ni nzito. Mlio wetu ulikuwa na mwendo ule wa polepole, wa valvu. Lakini moshi nao hutoka kwenye silinda kwa mwendo huohuo, mara moja kila mizunguko miwili, na hapo sikio peke yake huweza kudanganyika.

"Twende mlima wa Sachangwan," akasema.

Tulipita Salgaa, madirisha wazi, tukaanza kupanda. Nilipokanyaga mafuta mlio ukapaa, ukarudi kwetu kutoka kwenye ukingo wa barabara. Nilipoinua mguu ukafifia. "Tapeti haijui mlima," akasema. Tapeti hufuata mizunguko ya injini tu. Mlio unaokua kwa mzigo unatoka kwingine. Tuliporudi akafungua bamba la kukinga joto, na hapo penyewe, kando ya silinda ya tatu, palikuwa na mstari wa masizi kwenye gasketi ya manifoldi. Moshi ulikuwa ukichomoka. Chuma kikipata moto hutanuka na kuziba ufa, ndiyo maana kelele ilikuwa kali zaidi alfajiri.

Gasketi mpya, kimya. Mimi nilikuwa tayari kulipa na kwenda. Yeye akakataa, akaniambia niliache gari lilale, tulifungue likiwa baridi.

Asubuhi akatoa kava na fila geji, vile vibamba vyembamba vya chuma. Injini hii ya 1NZ hutakiwa kuwa na nafasi ya milimita 0.15 hadi 0.25 kwenye valvu za kuingiza hewa, na 0.25 hadi 0.35 kwenye za moshi. Milimita 0.20 ni kama karatasi mbili za ofisini. Kibamba kilipita kwa mkwaruzo laini, valvu baada ya valvu, hadi moja ya moshi kikagoma. Akajaribu chembamba zaidi. Kikagoma pia.

Valvu hiyo haikuwa imelia hata siku moja. Iliyolegea hupiga kelele lakini hujifunga. Iliyobana haikai sawasawa kwenye kiti chake, na ni kwenye kiti hicho ndiko hupoza joto lake. Isipokikalia huungua kingo zake kimyakimya hadi gari likose nguvu mlimani. Ndiyo sababu siwezi kuwasamehe wanaomimina oili nzito ili kelele inyamaze, kisha wakaita kazi imekwisha.

Kwenye 504 angegeuza skrubu tu. Hapa ilibidi kamshafti itolewe, kikombe cha tapeti kibadilishwe kwa kingine chembamba kidogo. Alimaliza alasiri, akaandika vipimo vyote 16 kwa kalamu kwenye kipande cha katoni, akanikabidhi. Nimekiweka pamoja na karatasi za bima.