Mistari ya Bibi Emily



Tunapotembelea vikundi vya akina mama wanaotengeneza batiki, swali tunalolisikia mara kwa mara ni hili: "Hii ni picha ya nini?" Kama ni twiga, au mama aliyejitwika mtungi, mgeni hununua. Kama ni mistari na madoa tu, kitambaa hukunjwa na kurudishwa sandukuni. Nasi tumewahi kuwashauri akina mama wachore twiga zaidi. Leo tungependa kuwaeleza habari za mchoro mmoja wa mistari mitupu, uliotufanya tuufikirie upya ushauri huo.

Mchoro huo umo katika jumba la sanaa la National Gallery of Victoria mjini Melbourne, Australia. Una upana wa mita 8 na kimo cha karibu mita 3. Ulichorwa mwaka 1995 kwa rangi nyeupe juu ya nyeusi. Mstari unakwenda, unajipinda, unakutana na mwingine, unapotea, kisha unaibuka mbele. Hakuna mtu, mnyama wala mti. Sanaa ya namna hiyo huitwa dhahania, yaani haionyeshi sura ya kitu kama macho yanavyokiona. Aliyeichora ni Emily Kame Kngwarreye, bibi wa zaidi ya miaka 80 wakati huo, ambaye hakupitia chuo chochote cha uchoraji. Turubai lilitandazwa chini, naye akaifanya kazi hiyo kwa siku mbili.

Bibi Emily alizaliwa mnamo 1910 huko Alhalkere, katika nchi ya Waanmatyerre, katikati ya Australia. Wazungu waliichukua ardhi hiyo kwa ufugaji wa ng'ombe wakaiita Utopia, na wenyeji wengi, yeye akiwemo, wakawa vibarua katika mashamba ya mifugo.

Sasa turudi kwenye mistari. Wanawake wa kwao, katika sherehe zao za jadi ziitwazo awelye, hujipaka mistari ya udongo wa rangi kifuani na mabegani. Bibi Emily alikuwa mzee wa sherehe hizo. Tena, jina lake la Kame linahusu kiazi cha porini, maua yake na mbegu zake. Mizizi ya kiazi hicho husambaa chini kwa chini, na kinapokomaa ardhi iliyo juu yake hupasuka. Anayejua kuzisoma nyufa hizo anajua pa kuchimba, hivyo watoto watakula. Mchoro ule wa Melbourne ni mizizi na nyufa hizo. Tulioona mistari mitupu ni sisi tusiokijua kiazi! Mwenyewe alipoulizwa maana ya kazi zake alijibu kwamba amechora vyote kwa pamoja: kiazi, mbegu, emu na nchi yake nzima.

Mlango wa kazi hiyo ulifunguliwa na elimu ya watu wazima. Mwaka 1977 wanawake wa Utopia walianza kufundishwa batiki, na mwaka uliofuata wakaunda kikundi. Walimu walileta nta na rangi. Cha kuchora wanawake walikuwa nacho tayari. Lakini batiki, kama akina mama zetu wanavyojua, ni kazi ya moto, maji ya kuchemka na kufua, nayo humchosha mzee. Mwaka 1988 waligawiwa turubai na rangi za akriliki. Bibi Emily alikuwa anakaribia miaka 80. Tangu hapo hadi alipofariki Septemba 1996 anakadiriwa kuchora kazi zipatazo 3,000.

Kuhusu fedha, habari si ya furaha tupu. Wanunuzi walimiminika Utopia, na ndugu wengi walitegemea mapato ya bibi huyo mmoja, aliyegawa alichopata. Mchoro wake mwingine, "Earth's Creation" wa mwaka 1994, uliuzwa mnadani mwaka 2007 kwa zaidi ya dola za Australia milioni 1, na tena mwaka 2017 kwa dola milioni 2.1. Yeye alikuwa kaburini. Sheria ya Australia inayompa msanii au warithi wake asilimia 5 kazi inapouzwa tena ilianza kutumika mwaka 2010, miaka mitatu baada ya mnada ule wa kwanza.

Katika ziara zetu tumeona madaftari ya vikundi yenye idadi ya vitambaa na bei zake. Jina la aliyechora kila kitambaa hatujalikuta bado, na nafasi ya kuliandika ipo.